Kufundisha Joto na Tabianchi: Tuanzie Njisi, Tufike Tukuyu

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya darasa la sita la shule moja ya msingi, katika pande za Njisi wilayani Kyela, tukimsikiliza mwalimu mwanafunzi akifundisha somo la halijoto. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, saa saba ya mchana, na mabati ya paa yalikuwa yakilia kwa joto. Mwalimu alikuwa amejiandaa vema. Aliandika ubaoni kwa hati nzuri: "Jua ndilo chanzo cha joto duniani." Chini yake akaandika: "Kadiri mahali palivyoinuka, ndivyo halijoto ipunguavyo." Wanafunzi wakanakili. Ndipo msichana mmoja wa dawati la mbele alipoinua mkono, akauliza: "Mwalimu, kama joto linatoka kwenye jua, mbona Tukuyu ambako ni juu, karibu na jua, kuna baridi, na sisi huku chini tunaungua?"

Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akajibu: "Swali hilo halimo katika somo la leo." Somo likaendelea. Nasi, kule nyuma, tukaandika katika fomu ya tathmini: "Amelimudu darasa vizuri."

Tangu siku ile jibu la mwalimu yule halijatusumbua sana kama yanavyotusumbua maneno yetu wenyewe. Mtoto yule alikuwa amezitazama sentensi mbili za ubaoni, akazilinganisha, akaona kwamba hazipatani. Hiyo ndiyo sayansi, na ndiyo fikra tunayodai kila siku kuwa twataka kuijenga. Alipoionyesha, mwalimu aliifunika, na sisi wakufunzi tukampa alama nzuri kwa kuifunika. Kwa hiyo hatuandiki makala haya kuwalaumu walimu wanafunzi. Twaandika kwa sababu twaamini kwamba somo la joto na tabianchi limekuwa likifundishwa kutoka mwisho wake: kanuni huja kwanza, na swali hufukuzwa. Yafaa lianze na swali la mtoto yule. Na kila shule iliyo kati ya Mto Songwe na Mlima Rungwe ina zana ya kulijibu, ambayo haikununuliwa dukani, nayo ni ule mteremko utokao Tukuyu hadi ziwani.

Tulikabili kwanza swali lenyewe, maana mwalimu asiyelijua jibu hana njia ila kulikwepa. Je, Tukuyu iko karibu na jua kuliko Njisi? Ndiyo, iko karibu. Njisi iko kiasi cha meta 500 juu ya usawa wa bahari, na Tukuyu kiasi cha meta 1,500. Tofauti ni kilometa moja. Lakini jua liko mbali nasi kwa kiasi cha kilometa milioni 150. Mtu aliyepunguza kilometa moja katika safari ya kilometa milioni 150 hawezi kusema amekaribia. Tena, dunia yenyewe haikai umbali uleule mwaka mzima. Mwanzoni mwa Januari huwa umbali wa kilometa milioni 147 hivi, na mwanzoni mwa Julai kilometa milioni 152. Ingekuwa umbali ndio uamuao joto na baridi, dunia nzima ingeona baridi mwezi wa Julai. Lakini Julai ndio wakati wa joto huko Uingereza na Ufaransa. Basi umbali tuuweke kando. Hoja ya mtoto yule ilikuwa nzuri, ila ilijengwa juu ya dhana ambayo hakuna aliyemsaidia kuipima.

Dhana iliyofichika ni hii: kwamba jua huipasha hewa moto moja kwa moja, kama mtu aotavyo moto, hata aliye karibu zaidi apate zaidi. Sivyo. Katika kila sehemu 100 za nishati ya jua zifikazo juu ya angahewa, karibu sehemu 30 hurudishwa angani na mawingu, hewa na ardhi yenyewe. Karibu sehemu 23 hunyonywa na hewa na mawingu. Na karibu sehemu 47 hunyonywa na ardhi na maji. Kwa hiyo ardhi hupata mara mbili ya ipatacho angahewa yote. Ardhi ikisha kupata moto, huipasha hewa iliyoigusa; hewa hiyo hupanda na kuiachia nafasi nyingine; maji huvukizwa na kubeba joto kwenda nalo juu; na ardhi hutoa mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, ambayo hunyonywa na mvuke na hewa nyingine chache zilizomo angani. Tukitaka kumweleza mtoto wa darasa la sita, twaweza kusema hivi: hewa ni kama maji ya sufuria, nayo hupashwa kutoka chini. Jua ndilo liwashalo jiko, lakini jiko lenyewe ni ardhi.

Mtoto akisha kulielewa jambo hili, nusu ya fumbo imefumbuliwa. Nusu ya pili ni hii: mbona Tukuyu nako kuna ardhi, nayo hupigwa na jua? Hapa walimu wengi hukwama, na yatupasa tuwe waangalifu. Ardhi ya Tukuyu hupashwa kweli. Anayelima huko saa sita ya mchana hutoka jasho. Lakini hewa izungukayo milima haikai mahali pamoja. Huchanganyika na hewa pana ya kimo kile, na hewa ipandayo kutoka bondeni hupoa njiani. Hupoa kwa sababu gani? Kwa sababu juu kuna kanieneo ndogo, hivyo hewa hutanuka, na hewa inayotanuka hupoa. Wanafunzi wa Kyela hawahitaji maabara kuliamini jambo hili, maana baiskeli zimejaa wilaya nzima. Anayejaza upepo hugusa pampu ikawa ya moto: hewa iliyobanwa hupata joto. Anayefungua upepo wa gurudumu huihisi hewa itokayo kuwa ya baridi: hewa iliyotanuka imepoa. Hewa kavu ipandayo hupoa kwa kiasi cha nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila kilometa. Yenye mvuke unaogeuka mawingu hupoa polepole zaidi. Kwa wastani wa dunia, halijoto hupungua kwa nyuzi 6.5 hivi kwa kila kilometa moja ya kupanda. Kilometa moja ndiyo kimo cha Tukuyu juu ya Njisi. Abiria anayetoka Kyela alfajiri na sweta mfukoni anaijua kanuni hii, ila hajaambiwa kuwa ni kanuni.

Baada ya mwinuko, na tuje kwenye pembe ya jua. Vitabu husema kwamba mionzi inayoanguka wima hupasha zaidi kuliko inayoanguka kwa mshazari, na huchora tochi. Tochi si mbaya, lakini uwanja wa shule ni bora. Njisi iko karibu latitudo ya nyuzi 9 na nusu Kusini. Kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: karibu tarehe 24 Februari na karibu tarehe 18 Oktoba. Mwalimu asimamishe wima mti mnyofu wa meta moja uwanjani. Katika tarehe hizo, wakati wa adhuhuri ya jua, kivuli hupotea kabisa. Tarehe 21 Juni kivuli cha adhuhuri huwa na sentimeta 65 hivi na huelekea kusini; tarehe 21 Desemba huwa na sentimeta 25 hivi na huelekea kaskazini. Lakini mwalimu ajihadhari: adhuhuri ya jua si saa sita ya saa ya mkononi. Saa zetu hufuata longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, na Kyela iko magharibi yake kwa nyuzi 11 hivi. Hivyo jua hufika kileleni mwishoni mwa Februari saa saba kasoro dakika mbili hivi, na katikati ya Oktoba kama saa sita na nusu. Aliyepima saa sita kamili akaona kivuli kingali kipo, asidhani kitabu kimesema uongo.

Hapa linatokea swali la pili, zuri kuliko la kwanza. Kama jua hupita utosini Februari na Oktoba, mbona miezi hii haifanani? Oktoba huchoma, Februari huvumilika. Pembe ya jua ni ileile. Kilichobadilika ni anga na ardhi. Oktoba ni mwishoni mwa kiangazi: anga li jeupe, ardhi imekauka, majani yamenyauka, na nishati ya jua yote hutumika kuongeza joto. Februari ni wakati wa mvua: mawingu hurudisha sehemu kubwa ya mwanga kabla haujafika chini, na sehemu kubwa ya nishati inayofika hutumika kuvukiza maji ya mashamba ya mpunga. Mtoto akiona hivyo ataelewa kwamba tabianchi haitokani na jua peke yake. Jua hutoa, anga, maji na ardhi hugawa.

Ziwa nalo lisisahauliwe. Anayekwenda Matema mchana wa Oktoba bila viatu hukimbia juu ya mchanga, lakini akifika majini hustarehe. Jua ni lilelile juu ya vyote viwili. Uzani uleule wa maji huhitaji joto karibu mara tano ya lile la mchanga mkavu ili kupanda kwa nyuzi sawa. Tena mwanga hupenya ndani ya maji, na mawimbi huyachanganya. Kwa hiyo ziwa hupata moto polepole na kupoa polepole. Mchana nchi kavu hushinda ziwa kwa joto, hewa yake hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku mambo hugeuka, nao upepo huteremka milimani kwenda majini. Wavuvi wanaoingia ziwani usiku hawakujifunza jambo hilo darasani. Na upepo wenye mvuke utokao kusini unapoikuta Milima ya Livingstone na Mlima Rungwe, ambao kilele chake hukaribia meta 3,000, hulazimika kupanda, ukipanda hupoa, ukipoa mvuke wake hugeuka matone. Hiyo ndiyo mvua nyingi ya Rungwe na Kyela, na ndiyo maji ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe, mito ambayo hufurika bondeni wakati wa masika. Kanuni ileile ya pampu ya baiskeli, ile iliyotueleza baridi ya Tukuyu, ndiyo ituelezayo mvua inayozijaza barabara zetu matope.

Limebaki jambo moja ambalo siku hizi mwalimu huulizwa sana, nalo ni ongezeko la joto duniani. Mara kadhaa tumesikia likielezwa hivi: "Tabaka la ozoni limetoboka, kwa hiyo jua linaingia zaidi, kwa hiyo joto limezidi." Maelezo haya si sahihi. Ozoni hutukinga na mionzi ya urujuanimno, na mataifa yalikubaliana kuilinda kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Ongezeko la joto hutoka hasa kwenye ile mionzi isiyoonekana inayotolewa na ardhi. Mvuke, hewa ukaa na hewa nyingine chache huinyonya mionzi hiyo na kuirudisha sehemu yake chini. Bila kazi hiyo wastani wa joto la dunia ungekuwa nyuzi 18 hivi chini ya sifuri, badala ya nyuzi 15 hivi juu yake. Mwaka 1856 mwanamke wa Marekani, Eunice Foote, aliweka vipimajoto ndani ya mitungi ya kioo juani, akaona kwamba ule wenye hewa ukaa ulipata joto zaidi. Na mwaka 1859 John Tyndall alionyesha katika maabara yake London kwamba hewa hiyo na mvuke huinyonya mionzi ya joto. Kabla ya viwanda kuenea, katika kila chembe milioni za hewa zilikuwamo 280 hivi za hewa ukaa. Leo zimepita 420. Dunia ni kama mtu aliyejifunika blanketi ambalo mwaka hadi mwaka laongezwa unene. Hata hivyo mfano huo una mpaka wake: blanketi huzuia hewa isitembee, bali angahewa hunyonya mionzi na kuitoa tena. Mwalimu autumie mfano, kisha aseme unapokomea.

Mtoto aliyefundishwa kwamba ardhi ndiyo jiko ataelewa jambo hili bila shida, kwa sababu ataona kwamba joto lina safari mbili: kuingia kwa mwanga, na kutoka kwa mionzi isiyoonekana. Aliyefundishwa kwamba jua huipasha hewa moja kwa moja hana mahali pa kuliweka, ndiyo maana hulishika tundu la ozoni. Kosa dogo la darasa la sita huzaa kosa kubwa la mtu mzima.

Basi somo na lipangwe vipi? Twapendekeza hatua nne.

Kwanza, lianze na swali, wala si na ufafanuzi. Mwalimu aulize: "Nani amefika Tukuyu? Alivaa nini?" Kisha aandike ubaoni kila sababu watakayotoa watoto, hata iliyo na makosa, bila kucheka na bila kusahihisha.

Pili, wapime. Adhuhuri ya siku isiyo na mawingu kipimajoto kiwekwe karibu na ardhi, kisha usawa wa goti, kisha usawa wa kichwa, kikikingwa na jua kwa ubao mweupe kila mara, maana kipimajoto kilichoachwa juani hupima joto lake chenyewe. Watoto watajionea kwamba joto hupungua kadiri wanavyopanda kutoka ardhini, na kwamba jiko liko chini ya miguu yao. Kipimajoto cha zahanati hakifai kwa kazi hii, kwa kuwa huanza kwenye nyuzi 35 hivi.

Tatu, makopo mawili, moja la mchanga mkavu wa Songwe na moja la maji, yawekwe juani tangu asubuhi na kupimwa kila saa, kisha yahamishiwe kivulini na kupimwa tena. Mti wa kivuli nao usimame uwanjani mwaka mzima.

Nne, shule moja ya Njisi ishirikiane na shule moja ya Tukuyu. Kila siku saa ileile, kwa mwezi mmoja, kila upande upime halijoto kivulini, na walimu wapeane tarakimu kwa simu. Tofauti haitakuwa nyuzi 6.5 kila siku. Mawingu na mvua vitaivuruga. Hilo lisiwatishe. Watafute wastani, kisha wajadili kwa nini siku fulani ilikataa kufuata kanuni. Ndipo sasa, wala si kabla, kanuni iandikwe ubaoni.

Twajua yatakayosemwa. Wa kwanza atasema muda hautoshi. Vipimo hivi huchukua dakika chache kwa siku, na vyaweza kufanywa na zamu ya wanafunzi. Wa pili atasema hakuna zana. Kipimajoto kimoja chatosha darasa zima. Na pale kisipokuwapo, unyayo wa mtoto juu ya mchanga na mkono wake ndani ya maji ni mwanzo mzuri. Wa tatu atasema kwamba mtihani huuliza kanuni, wala hauulizi vivuli. Hoja hii ndiyo nzito, nasi hatuidharau, kwa maana mzazi hutazama matokeo. Lakini mtoto aliyekariri huijibu kanuni kama ilivyoandikwa, na swali likigeuzwa kidogo hupotea. Aliyepima hulijibu kwa maneno yoyote litakaloulizwa.

Tena yapo mambo makubwa kuliko mtihani. Wengi wa watoto hawa watalima mpunga na kakao huku bondeni, au chai na viazi kule milimani. Watasikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wataamua siku ya kupanda, na wataambiwa mengi juu ya tabianchi inayobadilika, mengine ya kweli na mengine ya uzushi. Watahitaji akili iliyozoea kuuliza kama sentensi mbili zapatana. Akili hiyo msichana wa Njisi alikuwa nayo tayari alipoingia darasani. Kazi yetu ilikuwa kuitunza tu.

Ndugu mwalimu mwanafunzi, utakapokwenda mazoezini, mtoto atakuuliza swali usilolijua. Usimwambie halimo katika somo. Liandike kwenye pembe ya ubao, useme: "Hili tutalipima pamoja." Nasi wakufunzi tuketio nyuma yatupasa tuongeze mstari mmoja katika fomu zetu za tathmini: "Je, maswali ya wanafunzi yalipokewaje?" Hadi tutakapofanya hivyo, hatuna haki ya kumsahihisha mwalimu yeyote kwa kosa ambalo sisi wenyewe tulilitilia alama ya vema.